Dhiraa Moja ya Fundi Mshahame

Zama za Malkia Mwana Tima, mji wa Ungamai ulijenga mitepe yake ya vita, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, kwa mikono ya mitaa mitatu. Mtaa wa Juu ulikata mbao, Mtaa wa Kati ulisokota kamba za makumbi ya nazi yaliyolowekwa matopeni, na Mtaa wa Pwani ulishona. Hakuna aliyegusa kazi ya mwenziwe. Mababu waliweka hivyo ili mtaa mmoja usije ukajiundia vyombo peke yake ukaupindua mji, na kwa kweli fitina nyingi zilizimwa. Fundi mkuu, Mshahame wa Mtaa wa Pwani, aliruhusiwa kufumua mshono dhiraa moja tu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Zaidi ya hapo walipaswa kukaa wazee wa mitaa yote mitatu na kukubaliana; aliyevunja amri hiyo alifukuzwa mjini.

Mwaka huo maadui, watu wa Kirongwe, waliuziba mlango wa bahari, na Ungamai ikaanza kula mbegu. Mtepe mkubwa ulikuwa ufuoni, ukingoja maji makuu ya bamvua utoke kwenda kuufungua. Nahodha wake alikuwa Shekuwe, mtoto wa marehemu kaka yake Mshahame, aliyelelewa na fundi huyo tangu hajaota meno.

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, Mshahame akavuta kamba ya ubavuni, ikakatika kama uzi mkuukuu. Akafumua dhiraa yake. Ndani kulikuwa kumeoza. Mbao zilichelewa, na Mtaa wa Kati, usioruhusiwa kusokota kabla mbao hazijafika, uliyaacha makumbi matopeni kupita kiasi. Hakuna aliyevunja amri, na chombo kingezama.

Akaenda kwa Bwana Famau, mzee wa Mtaa wa Kati.

"Mshono wote ufumuliwe, Bwana. Ghalani kwenu mna kamba nzima ya mwaka jana."

"Nakusadiki, fundi. Lakini mzee wa Mtaa wa Juu yuko bara mashambani, harudi kabla ya kesho kutwa. Sisi wazee wawili tuliobaki hatuna kauli."

"Na mtepe unatoka kesho."

"Unatoka. Hilo lilikwisha amuliwa."

Mshahame alirudi ufuoni roho ikimuuma. Shekuwe akamwuliza, "Ami, mbona umekunja uso hivyo?" Akamweleza yote. Kijana akasema, "Wakikufukuza mjini, utakwenda wapi na umri huu?"

"Nitakwenda nitakakokwenda. Sikukulea uje uliwe na papa."

Akapiga moyo konde, akawaambia washonaji wake, "Anayetaka kwenda nyumbani na aende sasa, simlaumu." Wawili wakaondoka. Waliobaki wakafumua toka omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma. Kamba ilipotolewa ghalani, Bwana Famau alikuwa barazani. Akageuza uso, akaendelea kutafuna tambuu yake. Usiku kucha wakashona upya.

Kesho yake mtepe ukatoka, mashujaa wamejifunga vitambi vya nguo nyekundu viunoni, mikuki na ngao mikononi. Vyombo vya Kirongwe viliugonga mara kwa mara ubavuni. Mshono haukuachia. Kufikia adhuhuri mlango ulikuwa wazi, na mtama ukaingia mjini.

Wazee watatu walipokutana, walimshtaki fundi mbele ya Malkia, wala hawakumwonea. Mwana Tima aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tangu leo atakaa mtu mmoja ufuoni, mwenye kauli ya mitaa yote mitatu, aulizwe na kujibu siku ile ile."

Watu wakafurahi, wakamtazama Mshahame, maana nani mwingine angestahili? Malkia naye akamtazama.

"Umetuokoa, fundi, nami nakushukuru. Sasa niambie kweli. Mtu huyo akiwapo, ukamwomba, naye akakataa, ungefanyaje?"

Mshahame alifikiri. Angeweza kumpa jibu lililotakiwa, akalala kwake usiku huo.

"Ningefumua, Mwana."

"Nilijua," akasema Malkia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Shekuwe, mvushe ami yako bara, asirudi tena mjini. Mchukulie na vyombo vyake vya kazi."