Mwangwi Ulioibwa Kibati

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, injinia Aubin alifungua kompyuta yake pale Kibati akakuta mwangwi umeibwa.

Kwa siku mbili watu wake walikuwa wamegonga bamba la chuma kwa nyundo, huku vinasa-mtetemo vikisikiliza mwangwi kutoka chini ya mawe ya volkano. Penye mwangwi mkubwa, pana maji. Ijumaa ulikuwa mkubwa. Jumamosi, palepale, umefifia. Na saa nane wafadhili wangeamua: kisima, ama wafunge mizigo.

Alimwita mama Mapendo wa Majengo, inspekta mstaafu, aliyewahi kumhoji mbuzi mpaka akakiri wizi wa mahindi.

"Ni Théogène tu," Aubin alisema. "Anauza maji kwa lori. Kisima kikipatikana, amekwisha."

Alipoulizwa, Théogène alicheka. "Mama, Jumamosi nilikuwa Kalengera, lori imezama matope. Uliza kijiji. Walinisukuma wakinitukana."

Kalengera walipigiwa simu. Wakathibitisha, wakaongeza matusi mengine.

Mapendo akarudi kwenye kompyuta. "Kinasa hiki cha kwanza kiko wapi?"

"Mita mbili toka kwa bamba."

"Kinasikia pigo kabla haijashuka chini?"

"Ndiyo."

"Nacho kimefifia nusu nzima. Basi mwizi hayuko chini ya ardhi, papa Aubin. Yuko kwa nyundo."

Alipangusa kichwa cha nyundo. Kidole kikatoka cheusi, kinanuka mpira.

"Magloire, mutoto wangu," alimwambia mpiga nyundo mbele ya wote, "uliweka nini juu ya bamba?"

"Kipande cha tairi, mama. Ile tunavisha magurudumu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu! Ni mama-mukwe, Nyiransabimana. Kila nikipiga anazania volkano imeamuka, anabeba godoro anakimbia. Ijumaa amekimbia mara kenda! Nikapunguza kishindo. Sikujua napunguza na maji."

Kipande cha tairi kikaondolewa. Mapendo alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kishindo ni cha nyundo, si cha volkano, kisha akamkalisha Nyiransabimana kando ya bamba. Magloire akapiga upya. Aubin alilinganisha kila pigo na kinasa cha kwanza, ili mkono uliochoka usidanganye. Saa saba na nusu mwangwi ukasimama kwenye kioo cha kompyuta, mnene, mahali pake.

Saa nane wafadhili wakasema ndiyo. Aubin akachora msalaba wa chokaa.

"Ni hapa?" aliuliza Nyiransabimana.

"Hapa, mama. Lakini kuchimba ni mwezi ujao."

Nyiransabimana akaweka bidoni yake ya maji juu ya msalaba, akawageukia majirani.

"Nyuma yangu. Bila kusukumana."