Ndara za Mlangoni

Lile dimbwi lilionekana asubuhi ambayo hata umande haukuanguka. Dogo tu, pale pa kuvulia viatu, likinuka majani ya mpunga yaliyolowa.

"Mzee, umeingia tena na matope yako?" Kinue alifoka.

"Mimi? Goti limenikatalia, tangu jana sijatoka," alijibu mumewe, Tokuji, akichochea moto. "Labda ni mdomo wako unaovuja."

Kinue alipiga deki amenuna. Katika mji ule wa kale wa Hizume, huko milimani, nyumba yao ya wageni ndiyo pekee iliyobaki na wenyewe; nyingine zote kamati ya urithi ilizichukua ikazifanya za maonyesho. Wageni wakikosekana vuli hii, na yao itakwenda.

Na wageni walikuwa wanakimbia. Mwanamke mmoja wa Osaka alishuka ngazi kabla hata ya chakula, begi mkononi.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu nyuma ya ukuta wa karatasi. Anauliza maji ya kuoga yatachemka lini."

"Ni upepo, dada."

"Upepo unakohoa?"

Kinue akamwendea Bwana Nakaizumi wa kamati, akaomba ruhusa ya kubadili mlango na kuweka taa kali.

"Mlango ni urithi, mama. Na taa inaharibu picha."

"Na jini je?"

"Jini wa kale? Watalii watampenda!"

Alirudi akisaga meno. Huyu huyu ndiye aliyemwagiza, siku chache kabla ya lile dimbwi, azishushe ndara kuukuu za majani ya mpunga, zilizoning'inia darini tangu enzi za wasafiri wa miguu, aziweke mlangoni zipendeze. Alifanya. Kila asemalo alifanya, na shukrani yake ndiyo ile.

Alasiri ile ukungu ulishuka mapema, watalii wakaondoka, na Kinue akiwa jikoni anaosha mchele akasikia hatua zenye maji zikipita ukumbini, polepole, chwa, chwa, zikifuatwa na ile harufu ya majani yaliyooza na moshi wa zamani, zikaenda hadi mlango wa bafu na kusimama, kisha akamsikia Tokuji, mume wake mwenyewe, akisema kwa adabu, kama mtu anayeongea usingizini, "Maji yako tayari, bwana, tusamehe kwa kukuchelewesha."

Mungu atuhifadhi. Kinue alikimbia peku hadi hekaluni.

Mtawa Ryokai alikuja, akasoma dua zake, akafukiza ubani kila chumba. Kikohozi hakikukoma. Alipotaka kwenda kuchukua maji ya baraka, alishuka kuvaa viatu, akaduwaa.

"Viatu vyangu umevigeuza vitazame nje."

"Kwa kila mgeni nafanya hivyo, mheshimiwa. Ili asihangaike akiondoka."

"Na hizi ndara mbona zinatazama ndani?"

"Ni pambo tu..."

"Mwenye ndara hizi, msafiri wa kale, ameziona zimevuliwa, akajua amefika," alisema mtawa kwa sauti ya chini. "Na hakuna aliyemgeuzia aondoke. Mgeuzie. Msindikize, mwambie safari njema, kisha ufunge mdomo."

Kinue alipiga magoti, akazigeuza ndara. "Safari njema."

Baridi ilimpita begani. Nyayo za maji zikatokea juu ya mawe ya njia, moja, kisha nyingine, zikipanda taratibu kando ya nyumba tupu, naye akasimama ameinama kama anavyosimama kwa kila mgeni mpaka apotee kwenye kona, na harufu ikafifia, na kifua chake kilichobanwa vuli nzima kikafunguka kwa faraja kubwa hata machozi yakamtoka, na midomo yake, iliyozoea, ikasema yenyewe:

"Karibu tena."

Mtawa akafumba macho.

Kule konani nyayo zikasimama.

"Mama," Tokuji aliita kutoka ndani, kwa kunong'ona, "umesema nini?"

Kinue aligeukia kona. Alikuwa anasikia kikohozi kidogo, cha adabu, kikiteremka njia kurudi.