Mawese kwenye Cherehani

Viateur alikuwa fundi wa kushona nguo katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono. Kila asubuhi aliibeba kichwani kutoka nyumbani mpaka kwenye baraza ya duka la Mzee Faradji, akakaa hapo akishona mpaka jua lilipoinama upande wa ziwa. Alikuwa na mkono mzuri, na alipenda sana kusifiwa. Mafundi wenzake waliposhindwa na kola ya shati, aliwacheka.

Siku moja kopo lake dogo la mafuta ya cherehani liliisha. Viateur hakutaka kununua jingine. Jikoni kulikuwa na chupa ya mawese kutoka Goma, nyekundu na nzito. Mafuta ni mafuta, alijiambia. Akachovya kijiti, akadondosha mawese katika kila tundu. Cherehani ikazunguka laini, naye akajiona mjanja kuliko waliotengeneza mashine.

Ujanja huo haukudumu. Asubuhi za Gisenyi zina baridi inayoshuka kutoka kwenye volkano, na baridi iliyagandisha yale mawese. Mkono wa cherehani ukawa mgumu. Viateur akaulazimisha. Uzi ukakatika, sindano ikapinda, mishono ikaanza kuruka. Mwishowe gurudumu likakwama kabisa. Akaifunika cherehani kwa gunia, akairudisha nyumbani kwa njia ya nyuma ili mtu asimwone.

Angeweza kuuliza. Lakini amuulize nani? Wale aliowacheka? Haya ilimfunga mdomo.

Sasa, nyumbani kulikuwa na koti la Munyakazi, lililokatwa lakini halijashonwa. Munyakazi alikuwa msimamizi wa mtumbwi wa uvuvi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Jumapili angepokea wakwe, wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake. Hakuwa na koti jingine. Alipokuja kulijaribu, Viateur alitokwa jasho. Mkewe, Mukandutiye, alikuwa amemwacha mtoto wao kwa jirani na kwenda Kanzenze kumsaidia mama yake kuvuna viazi. Uongo ukamjia mdomoni wenyewe. Akasema mkewe ni mgonjwa sana, amelala ndani, hawezi hata kugeuka, na mwenye mgonjwa hashoni.

Munyakazi alimshika bega, akampa pole, akasema koti si kitu mbele ya mtu. Akaondoka haraka. Viateur alipumua. Kazi ya koti ilikuwa imeahirishwa, na hakuna aliyejua.

Jua lilikuwa halijawa kali alipoanza kusikia miguu ya watu wengi njiani. Munyakazi alikuwa anarudi, na nyuma yake wanaume wanne wa mtumbwi wake. Mabegani walibeba ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wa mtaa hutumia kumpeleka mgonjwa hospitali. Walikuwa wameacha nyavu zao mwaloni, kando ya ziwa, bila kuzitandaza. Saidati, mke wa fundi mzee Dauda, alifuata na birika la chai ya tangawizi kwa ajili ya mgonjwa.

Na nyuma yao wote alikuja Mukandutiye mwenyewe, anakimbia, jembe mkononi. Kapu la viazi alikuwa amelitupa njiani. Alikuwa ameiona ingobyi ikielekea nyumbani kwake.

"Nani mugonjwa?" aliuliza, analia. "Niambieni. Ni mutoto wangu?"

Wanaume walimtazama Mukandutiye, kisha wakamtazama Viateur. Wakashusha ingobyi polepole, tupu, katikati ya uwanja.

Viateur alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuongeza uongo mwingine, kwamba mke amepata nafuu ghafla. Lakini aliona machozi ya mkewe na mabega ya wale wanaume, na ulimi ukakataa.

"Hakuna mugonjwa," alisema. "Nilisema uongo. Mashini yangu ilikufa, na mi nilipata haya."

Munyakazi hakugombana naye. Aliwaambia wenzake wachukue ingobyi, wakarudi kutandaza nyavu zao, na hilo lilimuuma Viateur kuliko matusi. Mukandutiye aliingia ndani akafunga mlango.

Saidati tu ndiye aliyebaki. Miaka mingi yeye ndiye aliyeisafisha cherehani ya mumewe. Aliweka birika chini, akafunua gunia, akainama akanusa.

"We uliweka nini humu?"

Viateur akasema ni mawese.

"Mawese ni ya kupikia majani ya sombe, baba. Mashini haikulaka sombe. Haikufa, imeshikwa tu. Leta petroli kidogo."

Petroli, kwa watu wa Gisenyi, ni mafuta ya taa. Saidati alimwambia kwanza azime jiko na wakae nje, kwa sababu mafuta ya taa na moto havikai pamoja. Kisha alimtaka Viateur afanye kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Viateur akatoa sindano iliyopinda na bobini ya uzi wa chini. Kwa bisibisi akafungua bamba dogo la chuma lililo chini ya sindano. Ndani alikuta vumbi la nguo na nyuzi, vimeshikana na mawese mpaka vimekuwa donge jekundu. Akalitoa kwa kijiti na kusugua kwa unyoya wa kuku. Uso ulimwaka. Alikuwa amelilisha donge lile mwenyewe.

Baadaye alidondosha mafuta ya taa katika kila tundu, na kila mahali chuma kinapogusana na chuma. Akataka kulazimisha gurudumu, na Saidati akamzuia. Yaache yayeyushe uchafu, alisema, ukilazimisha utavunja. Waliiacha hivyo mpaka kesho yake.

Asubuhi gurudumu lilikubali kidogo, likatoa maji ya kahawia. Viateur akafuta, akadondosha tena, akazungusha taratibu, akafuta tena, mpaka mafuta ya taa yakatoka safi. Akakausha kila mahali kwa kitambaa. Saidati alimweleza kwamba mafuta ya taa huosha tu, hayalainishi. Akatoa kopo la Dauda na kumpa mafuta halisi ya cherehani, tone moja katika kila tundu, si zaidi. Viateur akatia sindano mpya. Kwanza akashona matambara, mpaka yakatoka bila doa. Mishono ilikaa sawa. Ndipo akalishona koti la Munyakazi.

Mlango ulifunguliwa. Mukandutiye alitoka na kiti, akaketi karibu na cherehani, akaanza kushikiza vifungo vya koti. Alikuwa amempa Viateur mgongo.

Jumamosi Viateur alilipeleka koti mwaloni mwenyewe, mbele ya wale wanaume wanne. Munyakazi akalivaa, likamkaa vizuri. Viateur akamwomba alivue tena. Aligeuza mkono wa koti, akaonyesha doa jekundu kwenye bitana, mahali ambapo hakuna mtu angeliona.

"Hii ni mawese yangu," alisema. "Ilibaki kidogo chini ya mashini. Sikutaka ukute mwenyewe."

Munyakazi aliliangalia doa, akalivaa koti lake.

"Na bibi yako," aliuliza, uso mkavu, "amepona?"

Wanaume wakaangua kicheko. Viateur aliinamisha kichwa, masikio yanamwaka.

"Bibi hakugonjwa. Mashini ndiyo iligonjwa, na ni mi niliigonjwesha."

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimsalimu hivyo: bibi amepona? Kila mara haya ilimpanda upya. Na kila mara alisimama akajibu vilevile, akaeleza habari ya mawese, ya mafuta ya taa na ya lile tone moja. Mafundi aliowacheka zamani walianza kumletea cherehani zao zilizokwama, naye akawaonyesha namna ya kuzifungua. Na ingobyi ilipopita Mbugangari na mgonjwa wa kweli, Viateur aliacha nguo chini ya sindano, akakimbia kutia bega lake.