Salamu ya Bi Siwema

Mchujakweli ulishuka taratibu kutoka kwenye dari ya mahakama ya Jiji la Mtambani, mtambo mweupe wenye jicho moja, ukasimama mbele ya shahidi. Kabla ya swali lolote, ulimwamkia.

"Shikamoo, Bi Siwema. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri tu," akajibu mama yule.

Jicho likawaka jekundu. Mwongo.

Mhandisi Shomvi, aliyeubuni mtambo huo, alitabasamu kule nyuma. Toka shuleni alipenda kile kitendawili cha mabawabu wawili, mmoja husema kweli daima na mwenzake hudanganya daima. Akaunda mtambo kwa kanuni hiyohiyo: upime jibu la kwanza kwa mapigo ya moyo na mtetemo wa sauti, ujue huyu ni wa kundi gani, basi. Hata mwongo ana faida. Geuza maneno yake, kweli hiyo hapo. Salamu aliiweka mwenyewe, maana mtambo usiosalimu watu hauna adabu. Adabu hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

"Siku bomba la maji la jiji lilipovunjwa, mwanao Hamduni alikuwa wapi?"

"Nyumbani, akimuuguza baba yake."

Mtambo ukageuza: hakuwa nyumbani. Shahidi mwingine hakuwapo. Hakimu Nsia, aliyefungwa mikono na sheria mpya, akamhukumu kijana kwenda migodi ya mwezini. Chombo kingeondoka jioni ileile.

Barazani Shomvi alikutana na mama yule, akamwamkia kama alivyolelewa. "Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, baba. Nzuri tu," akasema, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila mume wangu tumemzika juzi."

Shomvi akanywea. Nani asiyejua? Hata penye msiba watu husema nzuri kwanza, ndipo waseme ila. Yeye mwenyewe hujibu hivyo kila siku ya Mungu, na bado aliufundisha mtambo wake kuuita uungwana uongo. Aliona aibu hata akashindwa kumtazama mama usoni. Akarudi ndani mbio.

"Mheshimiwa, mtambo wangu una kosa. Mama yule ni mkweli."

"Nakuamini," alisema Hakimu Nsia. "Lakini sheria haipokei neno lisilochujwa. Simama pale."

Mchujakweli ukamgeukia. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Habari za kazi, Mhandisi?"

"Nzuri," akajibu, ulimi ukiiwahi akili.

Jicho likawaka jekundu.

"Mbaya," akasema haraka. "Kazi ni mbaya mno."

Mtambo ukageuza hilo nalo: kazi ni nzuri. Kisha ukageuza na yale aliyomwambia Hakimu, ukatangaza: mtambo hauna kosa, na Bi Siwema ni mwongo.

Shomvi akainamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nje, chombo cha mwezini kilianza kunguruma. Bi Siwema, aliyekuwa amemfuata ndani, akamshika bega.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, mama," akajibu Shomvi, huku machozi yakimtiririka.