Saa Baridi ya Mama Ajwang

Fedha halisi ukiifumbata hushika joto la kiganja upesi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha fundi Maige, kabla hajafungua kifuniko kutafuta mihuri. Saa aliyoletewa na mama Ajwang aliifumbata mpaka kiganja kikafa ganzi, nayo ikabaki baridi kama samaki. Hata hivyo akafungua kifuniko, akachungulia ndani.

"Mihuri ipo, mama. Fedha tupu, ya tangu enzi za Mjerumani," alisema. "Tazama uso wake wa kauri, na hivi vishikio vya waya vya kushika mkanda. Siku hizi za ruksa ya kuingiza kila kitu wanatujazia plastiki za betri kutoka Dubai. Kitu kama hiki hukioni tena."

"Ya marehemu mume wangu. Ziwa lilimrudisha nayo mkononi." Ajwang alishusha sauti. "Nilitaka kujua tu kama ni fedha. Nitaipitia nikirudi kutoka Sengerema. Ila usiitie ufunguo, fundi. Nakusihi."

Jamani, mwambie mlevi asionje! Ajwang alipogeuka tu, Maige akazungusha kitufe. Saa ikaitika, tik, tik, safi kabisa. Sasa, saa iliyofufuka lazima ivaliwe, ijulikane kama inakimbia au inachelewa, na mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa saa za wateja. Akamwita binti yake Odeta aliyekuwa akicheza mlangoni, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, akamvalisha. Mtoto wake wa pekee! Mwanza nzima ilikosa mkono mwingine?

Kulipokucha, nyumba yao ya Kiseke ilinuka tope la ziwa. Odeta hakuamka. Mwili ulikuwa wa baridi, na kadiri saa ilivyochelewa, pumzi zake nazo zilichelewa. Selina, mama yake, alichukua mkasi akate mkanda. Mtoto akapiga ukelele, na mkanda ukatoka damu.

"Baba Odeta," Selina alinong'ona, "umemvalisha nini mwanangu?"

Maige akazungusha kitufe huku analia, na saa ilipochangamka mtoto naye akafumbua macho, akaomba uji, akacheka kabisa, mpaka ile tik ilipoanza kulegea tena na maji ya ziwa yakaanza kumchuruzika mdomoni, ikabidi azungushe tena, na tena, Selina akisali rozari pembeni, wala hakuna aliyethubutu kwenda hata chooni.

Wakambeba hadi Bujora, kwa mganga bibi Masalu.

"Shikamoo, bibi. Tuokolee mtoto."

"Marahaba. Mmeliamsha jini la ziwa, lile lililomla mwenye saa." Akafukiza, akaimba, akapuliza. Mkanda ukafunguka wenyewe. "Lirudisheni kwenye maji yake, pamoja na saa. Leo hii hii."

Maige alikimbilia feri ya Sengerema, na katikati ya maji akaitupa saa kwa nguvu zake zote. Alirudi nyumbani akilia kwa furaha. Odeta alikuwa anakula ugali na dagaa, shavu lina joto. Selina alikuwa anaimba jikoni.

Ndipo tonge likamsimamia Odeta mkononi. Nyumba ikanuka tope.

"Baba," alisema polepole, "ufunguo... unakwisha."

Maige akaukamata mkono wa mwanawe, akapapasa kifundo cha mkono, akapapasa kiwiko, akapapasa shingo, vidole vikitafuta kitufe. Ilikuwa ngozi tupu, nayo ilikuwa inapoa.