Kanali Hakumkumbuka

Kanali mstaafu Révérien Munyaneza alikutwa kifudifudi sebuleni kwake, mtaa wa Kimihurura, amepasuliwa kisogo. Kando yake palikuwa na kiti kilichotoka kupigwa vanishi.

Inspekta Christella Umulisa alisimama kwanza, akaitazama maiti. Enzi akiwa mkuu wa ujasusi, jina la mtu huyu lilipotajwa baa, watu walishusha sauti. Hata baada ya kustaafu alikalishwa mstari wa mbele kwenye kila sherehe, akitabasamu, hasemi neno.

"Pigo moja," alisema daktari wa polisi. "Kitu kizito, butu."

Mlango haukuvunjwa. Christella akamwita Ismaël, mlinzi wa getini.

"Nani aliingia asubuhi?"

"Fundi tu, afande. Jean-Berchmans wa Gisozi. Alileta kiti."

"Alitokaje?"

"Alitoka akilia."

Mjane, Illuminée, alijibu macho makavu.

"Mzee alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Mzima kabisa."

Christella alikuwa ameona mabaki ya gundi kwenye milango, kana kwamba karatasi zilibanduliwa kwa haraka. Moja ilisahaulika kabatini: *Hili ni kabati. Usitoke hapa.*

"Mama, hii aliandikiwa nani?"

Illuminée akakaa chini.

"Alianza kusahau funguo. Mwisho akanisahau mimi. Tulificha, Inspekta. Mtu aliyebeba siri za wakubwa akipotewa na akili, nani atamheshimu? Nani atamwacha salama?"

Kwenye karakana ya Gisozi, misumeno ilikuwa ikinguruma. Jean-Berchmans Mugabo hakuwa amekimbia. Alikuwa akipiga randa ubao. Vifaa vyote mezani vilijaa vumbi, isipokuwa nyundo ya mbao, iliyokuwa bado imelowa maji.

"Mbona umeosha hii peke yake?"

Fundi akaweka randa chini.

"Ni mimi, afande. Usijisumbue."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa ofisa wake. Kosa lilikuwa lake, nikafungwa mimi. Aliniambia, nyamaza, nikistaafu nitakusafisha jina. Nikanyamaza. Binti yangu aliolewa nikiwa gerezani. Kwake mimi ni msaliti wa nchi, hata simu yangu hapokei. Nimetoka, namwona mzee kwenye televisheni, anapigiwa makofi."

"Ukaenda kumkabili."

"Nilikwenda kumwomba! Nikamwambia, afande, ni mimi, Berchmans. Nikamkumbusha yote. Akacheka kidogo, akaniuliza: 'Ni wewe uliyeleta kiti?' Angenitukana ningevumilia. Angenifukuza ningeondoka. Lakini kunifanya si kitu! Alipogeuka kukitazama kiti, nikampiga."

Christella alitamani kunyamaza. Hakuweza.

"Hakuwa anakudharau. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa hamjui hata mkewe."

Jean-Berchmans akamkodolea macho.

"Mbona hawakusema?"

"Walikuwa wanalinda heshima yake."

Fundi aliegemea meza.

"Na binti yangu? Nani atamwambia sasa?"

Christella alimfunga pingu. Waliojua ukweli wa kesi ile ya zamani walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa mochwari. Mwingine, kuanzia siku hiyo, alikuwa muuaji, na neno la muuaji hakuna wa kuliamini.