Mgeni wa Chakula Chapwa

Bi Mwanamkasi alikuwa mtu wa kutema mchuzi wa watu hadharani. Enzi hizo za Mwingereza, hapakuwa na mpishi wa harusi Bagamoyo asiyemwogopa. Basi siku aliyolamba sahani ya wali chapwa, usio na hata chembe ya chumvi, akasema, "Niongeze," binti yake Mardhiya alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Alifurahi, maskini, akadhani dawa imeanza kufanya kazi.

Moyo wa mama ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, ukiibonyeza panabaki shimo, na maji yakivuja kwenye nyufa za ngozi. Kulala chali hawezi. Hukaa ameegemea mito akitafuta pumzi. Sadallah, dresa wa hospitali, alitoa vidonge na onyo: "Chumvi marufuku, dada. Chumvi inavuta maji, na maji yatauzamisha moyo. Ukimwonea huruma, utamzika."

Mardhiya akalishika neno hilo. Akamwogesha mama, akamgeuza, akamfunga matambara makavu, akampikia chapwa kila siku.

Miguu ikanywea. Lakini maji yalikwenda wapi? Kopo la mkojo lilikuwa kavu. Matambara nayo yalikutwa na ute mzito unaovutika, na chumba kizima kikanuka pweza aliyeozea kapuni. Mardhiya akafua huku amejiziba pua kwa kanga.

Adhuhuri moja, ametoka kuswali, akasikia mlambo chumbani, kama mbwa anayekunywa maji. Akasukuma mlango, na, Yarabi toba, akamwona mama yake, mwanamke asiyeweza hata kuinama kuokota kanga yake, amejikunja kama hana mifupa, kichwa kimefika vifundoni, na ulimi mrefu wa kijivu ukilamba yale maji ya miguuni taratibu, ukipenya katikati ya vidole, ukirudi mdomoni na vipande vya ngozi vikitafunwa, na macho yakimtazama yeye Mardhiya bila kupepesa wala kuona haya.

"Nina kiu," ikasema sauti nzito ya kiume.

Mardhiya alikimbia hadi kwa Mwalimu Msabaha, mtoa majini.

"Shikamoo, mwalimu," alisema akihema.

"Marahaba. Kuna nini?"

Akamweleza kwa kunong'ona. Mzee akauliza, "Unampikia nini?"

"Chapwa. Dresa kasema."

"La haula! Mwanangu, chakula chapwa ndicho wanachotengewa hao majini. Chumvi hawaigusi. Wewe umewapakulia kila siku, tena karibu na mgonjwa. Asije kwa nini?"

"Nifanyeje?"

"Mtilie chumvi. Ataondoka."

"Na mama?"

Mwalimu akatazama mkeka. "Moyo wake siujui. Ninayemjua ni huyo aliyeingia."

Jioni ile Mardhiya akautia uji chumvi. Funda la kwanza tu, mama akapiga ukelele, akatapika donge jeusi lenye nywele. Donge likajikokota sakafuni, likiacha utelezi, likapita kizingitini na kutoka.

"Mardhiya?" Sasa ilikuwa sauti ya mama, mama mwenyewe. "Nilikuwa humu humu, mwanangu. Alikuwa akinilamba kwa ndani." Wakakumbatiana, wakalia.

Kesho yake miguu ikajaa kama viriba. Kifua kikawa kinachemka, povu la rangi ya damu likamtoka mama mdomoni, na Mardhiya akalifuta, likatoka tena.

"Usimrudishe," mama akanong'ona. "Niache niende kwa Mola wangu nikiwa bado mimi."

"Ndiyo, mama," Mardhiya akajibu.

Akaenda jikoni. Akabandika uji. Mkono ulifika kwenye chumvi, ukasita, ukarudi mtupu, kwa kuwa kumzika mama yake hakuweza, hakuweza kabisa. Akarudi na bakuli, akauacha mlango wazi. Mama alipoonja, akafumba kinywa na kugeuza uso ukutani. Mardhiya akamshika taya, akamlisha kwa nguvu, huku nyuma yake kitu chenye utelezi kikipanda kizingiti.

Baada ya wiki dresa akaja, akabonyeza mguu. Hapakubaki shimo.

"Umemuuguza kweli kweli, dada," akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Kitandani, chozi lilitoka kwenye jicho la mama, likashuka shavuni. Kabla halijafika kidevuni, ule ulimi ukatoka, ukalilamba.

Mardhiya akakimbilia uani, akatapika mpaka nyongo. Kisha akasuuza kinywa, akawasha moto, akabandika sufuria.